Boza linatoka Matui asubuhi, jioni linaitwa tena kule kule: tufanyeje?

*Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna kituo kidogo cha mafuta upande wa Kongwa, na boza la lita 3,000 lililofungwa kwenye Canter. Tunawapelekea dizeli wakulima 17 wa mahindi na alizeti, wengi wao wako Kiteto: Matui, Engusero, Dosidosi. Msimu wa kulima simu hazikatiki. Huyu trekta limezima shambani, yule anataka lita 100 tu. Gari linakwenda Matui asubuhi, linarudi, jioni linaitwa tena jirani na pale pale. Desemba iliyopita lilikwama mbugani mara mbili. Halafu kila bei mpya ikikaribia, wote wanaagiza siku moja. Mume wangu anasema tununue boza la lita 10,000. Kijana wetu anasema tuweke programu ya kupanga njia kwenye simu. Mimi naona faida yote inaliwa barabarani. Tuanze na lipi?"*

Dada yangu, pole na msimu huo. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa ni kwamba kazi ipo na wateja wapo, ila kazi hiyo hiyo inawala. Mumeo analiona tatizo kwenye ukubwa wa boza, kijana analiona kwenye njia. Kwa maelezo yako, mimi naliona kwingine: kwenye matenki ya wakulima wenu, na kwenye yale msiyoyajua kuhusu matenki hayo. Kabla hujanunua chochote, naomba tufuatane polepole.

Tuanze na safari yenyewe. Tuseme kwenda na kurudi upande mmoja ni kilomita 120, na ukijumlisha dizeli ya gari, posho ya dereva na utingo, matairi na matengenezo, safari hiyo inakugharimu shilingi 150,000. Weka hesabu yako halisi hapo, hii yangu ni ya mfano tu. Gharama hiyo haibadiliki sana ukipeleka kidogo au kingi. Ukishusha lita 100, kila lita imebeba shilingi 1,500 za njiani. Ukishusha lita 600, ni shilingi 250. Ukishusha lita 2,500, ni shilingi 60. Sasa linganisha na faida unayopata kwa lita pale kituoni, uone mwenyewe ni safari zipi zilikuwa zinakula mtaji. Kwa hiyo usiulize kwanza "njia fupi ni ipi?" Uliza, "kwa nini naitwa kwa lita 100?"

Unaitwa kwa lita 100 kwa sababu mteja ana mapipa mawili tu nyuma ya nyumba, tena anapiga simu dereva wa trekta akishasikia injini inakohoa. Simu ya namna hiyo haikuachii nafasi ya kupanga chochote. Lazima uende leo, kwa huyo mmoja, na kiasi kile anachoweza kupokea. Hata programu nzuri namna gani ukiipa oda za aina hiyo, itakuonyesha tu njia nzuri ya kwenda kupata hasara.

Nichukue mkulima mmoja wa mfano. Ana eka 300 na trekta moja la nguvu za farasi 75, la ukubwa wa Massey Ferguson 375 mnazoziona sana huko. Kulima kwa jembe la sahani kwenye udongo wa wastani hula karibu lita 8 kwa eka, kupiga haro, yaani kuvunja mabonge, kama lita 4, kupanda kama lita 2. Jumla lita 14 kwa eka, yaani lita 4,200 hadi mbegu ziingie ardhini. Akilima eka 10 kwa siku, anachoma lita 80 kwa siku. Weka akiba ya siku tatu isiyoguswa, lita 240.

Akiwa na mapipa mawili, yaani lita 400, zinabaki lita 160 za kutumia: unatakiwa kwake kila baada ya siku mbili. Akiwa na tenki la lita 1,000, zinabaki lita 760: unatakiwa kila baada ya siku tisa. Mkulima ni yule yule na trekta ni lile lile. Kazi ya siku 18 uliyokuwa unaifanya kwa safari tisa inaisha kwa safari mbili. Boza la lita 10,000 halileti mabadiliko hayo, kwa sababu likifika kwenye mapipa mawili nalo litashusha lita 160 na kuondoka na zilizobaki.

Zile lita 8 usizichukue kama sheria. Udongo mzito, sahani zilizochakaa, tairi zinazoteleza, filta ya hewa iliyojaa vumbi, vyote vinabadilisha ulaji. Waombe wateja wako wakubwa wapime wenyewe: wajaze tenki la trekta hadi shingoni asubuhi likiwa mahali tambarare, walime eneo lililopimwa kwa hatua au kamba, kisha wajaze tena hadi pale pale na kuandika lita zilizoingia. Wakifanya hivyo kwa kulima na kwa haro, utakuwa na namba za kweli za kila shamba. Zidisha kwa eka, na utajua mwezi Septemba kiasi cha dizeli ambacho kila mteja atahitaji hadi Januari. Wakulima wengi hawajawahi kuoneshwa hesabu hiyo, na watakushukuru kwa sababu inawasaidia hata kutafuta mkopo.

Hatua inayofuata ni kujua kilichomo ndani ya kila tenki bila kwenda kuliangalia. Hapa huhitaji mtambo. Kila mteja awe na kijiti cha kupimia, na mara mbili kwa wiki, siku moja kwa wote, akutumie sentimita kwa ujumbe wa simu. Ila kuna jambo moja linalowaponza wengi. Tenki la duara lililolazwa halipungui sawasawa na kijiti. Likisoma nusu ya kimo, kweli ni nusu ya mafuta. Likisoma robo ya kimo, mafuta yaliyobaki si robo, ni chini kidogo ya asilimia 20. Mtu mwenye tenki la lita 1,000 anasoma robo, anasema "bado nina 250", kumbe ana 195, na sehemu ya hizo ziko chini ya bomba la kutolea. Kwa hiyo siku ya kwanza mnapolijaza tenki jipya, shusha lita 50, dereva aweke alama kwenye kijiti, shusha 50 nyingine, aweke alama tena, hadi lijae. Inachukua nusu saa na inaondoa ubishi wa miaka.

Ukiwa na namba hizo, wewe ndiye unayempigia mteja. Unatazama daftari Jumatatu jioni: huyu ana lita 420, anachoma 80, akiba yake ni 240, basi lazima nifike kwake kabla ya Alhamisi. Jirani yake ana lita 600, angeweza kungoja hadi wiki ijayo, lakini kwa kuwa gari linapita, naye anajaziwa. Hapo ndipo safari ya asubuhi na ile ya jioni zinapogeuka kuwa moja.

Sasa njia. Swali lenu lina historia ndefu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1959 huko Marekani, George Dantzig na John Ramser walipoandika kwa mara ya kwanza hesabu ya kupanga magari yanayosambaza mzigo kutoka ghala moja, mfano wao ulikuwa maboza ya petroli yanayopeleka mafuta vituoni. Miaka mitano baadaye, 1964, Clarke na Wright wa Uingereza walitoa njia rahisi ambayo unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua wateja wawili. Jumlisha umbali wa kituo hadi kwa wa kwanza na umbali wa kituo hadi kwa wa pili, kisha toa umbali kati yao wenyewe. Jibu ni kilomita unazookoa ukiwaunganisha kwenye safari moja.

Tuseme mmoja yuko kilomita 50, mwingine 55, na kati yao ni kilomita 12. Unapata 50 na 55 toa 12, sawa na 93. Kila ukiwapelekea kwa pamoja badala ya mbalimbali, umeokoa kilomita 93. Chukua tena yule wa kilomita 50 na mwingine aliye kilomita 20 upande mwingine, kati yao kilomita 65. Hapo unaokoa kilomita 5 tu. Kuwaunganisha ni kujichosha. Wateja 17 wana jozi 136, lakini nyingi utaziondoa kwa macho tu. Kaa na dereva wako mezani mchana mmoja, mtapata makundi matatu au manne yanayojionyesha yenyewe. Kila kundi lipewe siku yake, na wateja waijue. Matui Jumatatu na Alhamisi, kwa mfano. Mtu akijua gari linakuja Alhamisi, Jumanne hapigi simu ya dharura isipokuwa kweli ana dharura.

Ongeza jambo ambalo hesabu ile haikuliona: pima umbali kwa barabara ya Desemba, si ya Agosti. Huko kwenu mashamba mawili yanayotazamana yanaweza kutenganishwa na korongo moja. Likijaa, kilomita 4 zinageuka 40. Wagawe wateja kwanza kwa swali hili: mvua ikinyesha usiku, nani hafikiki kesho? Hao ndio kundi la kwanza, hata kama ramani inasema wako karibu. Dereva na utingo wako wanayajua hayo kuliko programu yoyote, kwa hiyo usipange bila wao.

Nisimame kidogo kwenye mvua, maana ndipo mlipokwama. Watu husema mvua ikikata barabara trekta nalo halilimi, kwa hiyo mafuta hayaishi. Ni kweli kwa shamba lililoko mbugani kwenyewe: udongo mweusi ukilowa, boza na trekta vinangoja pamoja. Lakini lipo shamba la udongo mwekundu au wa kichanga ng'ambo ya mbuga. Huyo siku moja baada ya mvua amesharudi kulima kwa kasi, tena anakimbizana na unyevu, na wewe bado umefungiwa na tope kwa siku nne au tano. Huyo ndiye anayeishiwa. Akiba ya siku tatu haimtoshi, mwekee siku sita au saba, na umjaze mara tu mawingu yanapoanza kukusanyika. Kama una fedha ya kumsaidia mteja mmoja tu kupata tenki kubwa, msaidie huyo.

Na usafirishaji ulio rahisi kuliko wote ni ule wa Oktoba, kabla ya mvua, barabara zikiwa ngumu na gari likitembea limejaa. Kila tenki likiingia Novemba limejaa, umeshapeleka sehemu nzuri ya dizeli ya msimu bila kukanyaga tope. Najua kizuizi ni fedha, kwa kuwa mkulima ana hela Julai na Agosti baada ya kuuza mahindi Kibaigwa, na Oktoba mfuko umekauka. Ongea nao wakati wa mavuno. Anayeweka fedha mapema mwandikie kiasi cha fedha alichoweka, na umhesabie lita kwa bei ya siku atakayopelekewa. Usimwahidi lita kwa bei ya Julai kama lita hizo hujazinunua na kuziweka kwenye tenki. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ikipanda utakuwa umeubeba mzigo wa wateja wote 17 peke yako.

Hilo linanileta kwenye zile oda za siku moja. Mkae na wateja muifanye hesabu wazi. Bei ikipanda shilingi 50 kwa lita, aliyewahi kuchukua lita 600 ameokoa shilingi 30,000. Safari ya pekee kwenda kwake ni zile 150,000 tulizotumia kwenye mfano. Kama siku ya kundi lake imeangukia kabla ya Jumatano hiyo, vizuri, apate. Kama haikuangukia, kukimbia huko ni hasara yako na mara nyingi hata yeye hapati kitu, kwa kuwa tenki lake lilikuwa na nafasi ya lita 200 tu. Bei inapopanda sana, mamia ya shilingi kwa lita, hesabu inabadilika, na hapo mfanye uamuzi kwa kalamu badala ya hofu. Lakini usiruhusu wateja wenye tenki limejaa wamtangulie yule ambaye amebakiza siku moja. Ratiba ya akiba iwe juu ya oda za bei siku zote.

Kuhusu boza kubwa. Dizeli ina uzito wa kama kilo 840 kwa lita 1,000, kwa hiyo lita 10,000 ni tani 8.4 za mafuta peke yake, bado gari na tenki. Kwa kuleta mafuta kutoka ghala hadi kituoni kwa njia ya lami, linaweza kuwa na faida. Kwa kwenda mashambani kwenye njia za udongo mweusi, gari lililokwama na tani 2.5 litakwama vibaya zaidi na tani 8. Pia ulizeni tenki zote za wateja zinapokea jumla ya lita ngapi kwa siku moja ya kundi. Kama kundi la Matui likiungana linapokea lita 2,200, boza la 10,000 litarudi nyumbani na mafuta ambayo yamezungushwa bure. Nikipewa fedha hiyo hiyo, ningeiweka kwenye matenki matano au sita ya mashambani, mkulima alipe kidogo kidogo kwa mkataba wa maandishi wa kununua kwenu. Ina hatari zake: mtu anaweza kuhamia kwa muuzaji mwingine na tenki lako likabaki kwake. Ndiyo maana nasema mkataba wa maandishi, na uanze na wateja wawili unaowaamini.

Programu ya kijana msiitupe, ila isubiri. Msimu mmoja wa daftari safi, lenye tarehe, mteja, kijiti kabla ya kujaza, lita zilizoshushwa na kilomita, utamfanya kijana huyo awe na kitu cha kuiingizia. Kwa wateja 17, jedwali la kawaida kwenye kompyuta linatosha. Wakifika 50 na magari mawili, hapo programu ina kazi ya kweli.

Kwenye mpangilio wa kushusha ndani ya safari moja, desturi ni kumaliza mzigo mkubwa mapema ili gari litembee jepesi. Mimi nakubali, isipokuwa shamba la mbugani liwekwe mwisho, boza likiwa limepungua. Tahadhari tu: tenki lililojaa nusu ndilo linalopindua magari, kwa sababu mafuta hukimbilia upande mmoja kwenye kona au kwenye mteremko wa korongo. Fungua mfuniko ulitazame lenu: ndani kuna kuta zenye matundu zinazozuia mafuta kuyumba? Kama hakuna, mpelekee fundi wa matenki kabla ya msimu. Na msilijaze hadi mdomoni. Dizeli hupanuka kwa joto; lita 1,000 zikipanda nyuzi 15, zinaongezeka kwa kama lita 12. Gari lililopakiwa alfajiri ya baridi la Kongwa litafika shambani saa saba mchana likiwa na joto jingine kabisa.

Nisiache suala la maji, kwa sababu tenki kubwa la shambani likitunzwa vibaya litageuka lawama kwako. Pipa lililosimamishwa wima nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Mchana dizeli hupanuka na kusukuma hewa nje. Usiku husinyaa, na pipa huvuta ndani maji yale kupitia uzi wa kifuniko, hata kikiwa kimekazwa. Mapipa yalazwe kivulini, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili dizeli iwe nyuma ya vyote viwili. Tenki nalo liinamishwe kidogo upande wenye koki ya kutolea uchafu, na bomba la kuchotea liwe sentimita kadhaa juu ya sakafu ya tenki. Likishajazwa, liachwe litulie hadi kesho yake ndipo wachote, na koki ifunguliwe mara moja kwa wiki kutoa maji. Pale maji yanapokutana na dizeli huota bakteria na kuvu, utelezi wa rangi ya kahawia unaoziba filta, na maji yenyewe yakifika kwenye pampu na nozo zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, fundi atakuja na bili inayozidi bei ya tenki. Matenki na ndoo za bati lenye zinki wasitumie kabisa, zinki hushambuliana na dizeli na mabaki yake huziba nozo. Matenki ya plastiki ya maji nayo hayakutengenezwa kwa dizeli, hata kama jirani analo na bado halijavuja.

Kuna ombi moja utaletewa na wateja, nalo ulikatae bila kuona haya: "tuwekee na petroli kidogo ya pikipiki na pampu ya maji humo humo safari hii." Mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi kali, na tenki lililokuwa na petroli likipakiwa dizeli hubaki na mvuke wake. Dizeli inapotiririka huzalisha umeme tuli, cheche moja inatosha, na watu wamekufa kwa njia hiyo. Boza la dizeli liwe la dizeli. Kila mnaposhusha, waya wa kuunganisha gari na tenki ufungwe kwanza kabla ya bomba, na dumu likijazwa liwe chini ardhini, si juu ya bodi ya gari. Mwambie dereva kwamba hili halina mteja mkubwa wala mdogo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, utahitaji kuonana na watu ana kwa ana, na ni vizuri uyamalize kabla ya Oktoba. La kwanza ni leseni. Leseni ya kituo haimaanishi moja kwa moja kwamba unaruhusiwa kusambaza kwa boza, na mkulima anayeweka tenki lake kwa matumizi yake mwenyewe naye ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. Nenda ofisi ya EWURA ya kanda, uwaulize pia namna inayokubalika ya kutoza gharama ya kufikisha mafuta shambani, maana bei kikomo ni jambo ambalo hawalitazami kwa mzaha. La pili ni Wakala wa Vipimo, wapime tenki la boza na mita yake na kuweka lakiri. Bila hiyo, siku mteja akisema lita zimepungua hutakuwa na cha kumjibu. La tatu ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa matenki ya mashambani, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa gari lenyewe.

Ukienda Zimamoto, chukua mchoro wa shamba hata wa mkono: tenki litakaa wapi, nyumba ziko umbali gani, kisima kiko upande gani, maji ya mvua yanatiririkia wapi, na gari litageukia wapi. Watakuuliza hayo yote. Na kama kuna mteja ambaye trekta lake limeanza kutoa moshi mweupe au kukosa nguvu baada ya kujaziwa na nyinyi, usingoje msimu uishe: mtoe sampuli kwenye chupa safi ya kioo, iache isimame hadi asubuhi, na mkiona maji au matope chini, asiliwashe tena hadi fundi wa dizeli aje shambani alione.